RIBA, FAIDA NA MKULIMA WA SINGIDA

Historia ya mabenki katika nchi yetu ni historia ya swali moja: ziada ya jasho la mkulima inakwenda kwa nani? Mwezi Februari, 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mirija ya nje ilikatwa, lakini riba ilibaki. Sheria ya mwaka 1991 iliwarudisha wenye mitaji binafsi. Na mwaka 2011 Benki ya Amana ilianza kazi, ya kwanza Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu.

Tusidhani kwamba mabenki haya hayatafuti faida. Yanatafuta. Nguvu yao ya ushindani ni kwamba waumini wengi huweka akiba bila kudai riba, hivyo benki hupata fedha kwa gharama ndogo. Udhaifu wao ni kwamba hayawezi kununua dhamana za Serikali zenye riba, ambazo kwa mabenki mengine ni pato la uhakika.

Sasa tuitazame Singida. Mkulima wa alizeti akiishiwa fedha kabla ya mavuno, humwuzia mlanguzi mazao yangali shambani. Fikihi ya Kiislamu inao mkataba wa salam: bei yote hulipwa mapema, na kiasi, ubora na siku ya kukabidhi hutajwa. Kwa umbo, mambo haya mawili yanafanana. Tofauti ni nani anayepanga bei. Mkulima aliye peke yake hupangiwa; wakulima walio katika ushirika imara hupatana.

Aidha, mabenki ya Kiislamu duniani hupendelea murabaha: benki hununua kitu, kisha humwuzia mteja kwa nyongeza iliyotajwa. Mvua zikikosekana, deni halipungui. Katika musharaka, hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji. Wazo hili si geni Singida: Mnyaturu aliyetunza ng'ombe wa mwenziwe alipata maziwa na samadi, na ujira wake ulikwenda na hali ya kundi.

Kwa hiyo, tusiipime benki kwa jina lake wala kwa faida yake peke yake. Tuulize: mwaka wa ukame, mzigo unabebwa na nani? Benki inayomwachia mkulima mzigo wote imebadili jina la riba tu.