Rangi ya Almasi: Kutoka Hopetown hadi Mwadui

Jiwe lililofungua historia ya almasi Afrika Kusini mwaka 1867, karibu na Hopetown, lilikuwa na umanjano. Liliitwa Eureka, uzito wake karati 21.25. Mawe ya namna hiyo yalipoanza kumiminika Ulaya, wafanyabiashara waliozoea almasi za India na Brazili wakayaita "Cape", yaani mali ya Rasi. Haikuwa sifa. Jiwe likishaitwa hivyo, bei imeshuka.

Dharau hiyo ikaja kuwekewa vipimo. Mwaka 1953 taasisi ya vito ya Marekani, GIA, ilitoa ngazi ya herufi kuanzia D hadi Z. A, B na C zilirukwa makusudi, maana wauzaji walikuwa wamezitumia ovyo kusifia mawe yao. Kazi yenyewe ni ya macho. Jiwe hulazwa kifudifudi mahali peupe, likatazamwa ubavuni, pembeni yake mawe ya mfano ambayo daraja lake linajulikana. Hugeuzwa hivyo kwa sababu mng'ao wa upande wa juu huficha rangi. Kadiri umanjano unavyozidi, herufi huteremka na bei huifuata. Umanjano huo kwa kawaida huletwa na naitrojeni iliyonaswa ndani ya kaboni jiwe lilipokuwa likijiumba.

Ajabu huanza ukivuka Z. Umanjano ukikolea kupita hapo, jiwe huhamia kundi la almasi za rangi, na bei hupanda tena. Naitrojeni ile ile iliyokuwa kasoro sasa inatafutwa kwa udi na uvumba. Almasi mashuhuri ya manjano ya Tiffany, karati 128.54, ilitoka Kimberley, huko huko kwenye mawe ya "Cape". Nionavyo, soko halichukii rangi, linachukia rangi ya kusitasita.

Waridi ni kisa kingine. Wataalamu huihusisha na fuwele iliyopindwa na shinikizo la ardhini. Mgodi wa Argyle, Australia, ndio uliotoa sehemu kubwa kabisa ya almasi za waridi duniani hadi ulipofungwa mwaka 2020. Sisi Watanzania tuna Mwadui, Shinyanga, mgodi uliogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la waridi la karati 54.5, naye akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, kisha Cartier wakalipachika katikati ya ua la pambo la kifuani. Bei haikutajwa, zawadi haina risiti.

Risiti zilikuja baadaye. Jiwe jingine la waridi la Mwadui, karati 32.32, liliuzwa likiwa ghafi mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8. Kutoka humo ilikatwa almasi ya karati 11.15, na Oktoba 2022 mnada wa Sotheby's huko Hong Kong uliiuza kwa dola milioni 57.7, zaidi ya dola milioni 5 kwa kila karati. Uzito umebaki kama theluthi, bei imezidi mara nne, na ongezeko hilo la zaidi ya dola milioni 40 lilipatikana jiwe likiwa limeshaondoka Shinyanga.