Kipimo kimoja hakitoshi: Jinsi mipaka ya uhakika inavyotumiwa kukadiria sumu katika mahindi

KATI ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki mashariki mwa Kenya, hasa katika zilizokuwa wilaya za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hii, ambayo pia huitwa sumukuvu, hutolewa na kuvu inayomea kwenye nafaka, hasa ile iliyohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Haiondoki kwa kupikwa. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi; ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani ya ini.

Wakati wa mkasa huo, kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini kilikuwa mikrogramu 20 kwa kila kilo ya mahindi. Baadaye kiwango hicho kiliteremshwa hadi mikrogramu 10. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidisha kiwango hicho. Machi 2021, Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa sharti kwamba shehena iandamane na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu iko chini ya mikrogramu 10.

Maamuzi ya aina hii huegemea nambari inayotoka maabarani. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: nambari hiyo inaaminika kwa kiasi gani?

Punje moja katika elfu kumi

Aflatoksini haisambai sawasawa ndani ya gunia kama chumvi iliyokorogwa katika maji. Punje nyingi huwa safi kabisa, ilhali chache hubeba sumu kwa wingi wa kutisha.

Tuchukulie kwamba punje moja ina uzito wa takriban gramu 0.3. Hivyo kilo tatu za mahindi zina punje zipatazo 10,000. Iwapo punje moja tu kati ya hizo ina sumu ya kiwango cha mikrogramu 100,000 kwa kilo, punje hiyo pekee hubeba mikrogramu 30. Zigawanye kwa kilo tatu, nawe utapata mikrogramu 10 kwa kilo. Yaani punje moja yatosha kuufikisha mfuko mzima kwenye kikomo cha sheria.

Ndiposa afisa anayedunga gunia kwa bambo mara moja na kuchota konzi moja anaweza kukosa punje hiyo na kutangaza mahindi kuwa salama. Mwenzake, akidunga gunia lilo hilo upande wa pili, anaweza kuipata na kuamuru shehena iharibiwe. Mashine ya maabara haina kosa katika visa vyote viwili. Tatizo ni sampuli.

Maana ya mipaka ya uhakika

Hapa ndipo takwimu inapotoa msaada. Badala ya kutegemea nambari moja, mtaalamu huchota sampuli kadhaa, hukokotoa wastani wake, kisha huweka mpaka wa chini na mpaka wa juu kuuzunguka wastani huo. Hiyo ndiyo mipaka ya uhakika.

Tuchukulie mfano wa lori lililochotwa sampuli tano kutoka sehemu mbalimbali bila upendeleo, nazo zikaonyesha mikrogramu 6, 7, 8, 9 na 12 kwa kilo. Wastani wake ni 8.4. Kwa kutazama wastani pekee, lori hilo lingepita.

Lakini matokeo hayo yanatofautiana. Mtawanyiko wake ni takriban 2.3. Ukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, unapata 1.03. Ukizidisha kwa 2.78, nambari inayopatikana katika jedwali la takwimu kwa sampuli tano na uhakika wa asilimia 95, unapata 2.9. Basi mpaka wa chini ni 5.5 na mpaka wa juu ni 11.3.

Kikomo cha sheria, 10, kimeangukia katikati ya mipaka hiyo. Hivyo jibu la haki si kwamba shehena ni salama, wala si kwamba ni mbovu. Ushahidi uliopo hautoshi kuamua.

Kama sampuli zingekuwa 20, na wastani na mtawanyiko ubaki vilevile, mipaka ingejikaza hadi 7.3 na 9.5. Yote ingekuwa chini ya 10, na afisa angekuwa na msingi imara zaidi wa kuliruhusu lori.

Ni muhimu kutofasiri vibaya asilimia 95. Haimaanishi kwamba asilimia 95 ya punje ni salama. Maana yake ni kwamba kama kazi hiyo ya kuchota na kupima ingerudiwa mara 100, mipaka ingeuzingira wastani halisi wa shehena takriban mara 95.

Somo la masoko 65

Njia hii hutumika pia kwa asilimia. Wakati wa mkasa wa 2004, watafiti walikusanya sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka kwa wauzaji 243 katika masoko 65. Asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20, na asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000.

Kwa hesabu ya kawaida, mipaka ya uhakika ya hiyo asilimia 55 ni takriban 50 na 60. Hata ukichukua mpaka wa chini, nusu ya bidhaa zilikuwa zimepita kikomo cha wakati huo. Hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba matokeo yalitokana na bahati mbaya ya sampuli.

Hata hivyo, hesabu hiyo huchukulia kwamba kila sampuli inajitegemea. Wauzaji wa soko moja aghalabu hununua kutoka sehemu moja, kwa hivyo mipaka halisi yamkini ilikuwa mipana zaidi.

Udhaifu wake

Kanuni hii hufanya kazi vyema pale ambapo matokeo yametawanyika kwa ulinganifu pande zote za wastani. Aflatoksini haina desturi hiyo: matokeo mengi huwa madogo na machache huwa makubwa mno. Sampuli zikiwa chache, mpaka wa juu unaweza kuwa wa chini kuliko inavyostahili. Sampuli tano zilizoikosa punje yenye sumu zitakubaliana vizuri, na mipaka yake itakuwa myembamba, lakini uhakika huo utakuwa wa uongo.

Kwa sababu hiyo, kanuni za Muungano wa Ulaya za 2006 ziliagiza shehena ya nafaka ya tani 50 au zaidi ichotwe mara 100 hadi kupata kilo 10. Mahindi hayo husagwa na kuchanganywa kabla ya maabara kuchukua sehemu ndogo ya kupima.

Maswali ya kuuliza

Msomaji, mkulima au mfanyabiashara anapokabidhiwa matokeo, ana haki ya kuuliza: Sampuli zilikuwa ngapi, na zilitoka sehemu ngapi za shehena? Je, zilisagwa na kuchanganywa vyema? Mpaka wa juu ni upi, na uko upande gani wa 10?

Mpaka wa juu ukiwa chini ya kikomo, chakula kinaweza kuruhusiwa. Mpaka wa chini ukiwa juu ya kikomo, kinapaswa kuondolewa. Kikomo kikiangukia katikati, shehena izuiliwe na sampuli zaidi zichotwe. Kuiharibu papo hapo ni kumpokonya mkulima jasho lake pasipo ushahidi. Kuiachilia nako ni kumtwika mlaji shaka ambayo ingeondolewa kwa kazi ya siku chache, na yaliyotokea Makueni na Kitui yanaonyesha gharama ya shaka hiyo.