Timu Mbili za Uingereza, 1930

Mnamo Januari 1930 wakuu wa kilabu ya M.C.C. ya London, waliokuwa na mamlaka juu ya safari za kriketi za Uingereza, walikuwa na timu mbili ughaibuni kwa wakati mmoja, moja New Zealand chini ya Harold Gilligan, na ya pili West Indies chini ya Freddie Calthorpe, kwa itikadi kwamba wenyeji wale, wakiwa wachanga katika mchezo, hawakustahili mabingwa kama Hobbs, Sutcliffe, Hammond na Larwood. Na Wilfred Rhodes, mzee wa miaka 52, akatiwa katika safari ya pili. Naona ilikuwa dharau, maana jina la taifa ni amana.

Huko New Zealand hesabu ya wakuu wa M.C.C. ilitimia. Lakini huko Georgetown, mwezi wa Februari, George Headley, kijana wa miaka 20, alipata mikimbio 114 kisha 112, na West Indies wakapata ushindi wao wa kwanza dhidi ya Uingereza. Kingston, katika mechi ya mwisho, Sandham alipata 325, Headley akajibu kwa 223, mvua ikanyesha siku mbili, na kwa kuwa meli ya wageni ilikuwa tayari kung'oa nanga, mchezo uliachwa bila mshindi, na timu zikawa sawa katika mfululizo wote wa mechi, ushindi mmoja kwa mmoja.