Mnara wa Olduvai

Mnara wa Olduvai ni sanamu ya mafuvu mawili makubwa iliyojengwa kwenye njia panda ya kuingia Bonde la Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Ulisimamishwa Julai 2019, miaka 60 baada ya kupatikana kwa fuvu la Zinjanthropus.

Mahali

Anayetoka Karatu hupita lango la Loduare, hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha huteremka kwenye tambarare kuelekea Serengeti. Mnara uko kando ya barabara hiyo, mahali inapochepuka njia ya kwenda bondeni na kwenye makumbusho. Magari mengi ya watalii hupita hapo yakiwahi wanyama wa Serengeti, na ni rahisi kulipita bonde bila kujua lipo. Ndiyo sababu Joshua Mwankunda alitoa wazo la mnara ambao ungekuwa kibao cha njia na wakati huohuo somo kwa mpita njia.

Ujenzi

Kwa ombi la serikali ya Tanzania, mradi uliandaliwa na wanaakiolojia Nicholas Toth na Kathy Schick, pamoja na Mtanzania Jackson Njau. Fedha zilitoka Stone Age Institute na Kaman Foundation, zote za Marekani. Mafuvu yenyewe ni kazi ya msanii Mtanzania Festo Kijo. Ni ya zege, kila moja lina kimo cha mita 1.8 hivi na uzito unaozidi kidogo tani 2. Yamewekwa juu ya jukwaa kubwa lenye bamba la maelezo ubavuni.

Mafuvu

Moja ni la Paranthropus boisei, zamadamu aliyeitwa kwanza Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani ya Afrika Mashariki. Mary Leakey aliliona fuvu lake tarehe 17 Julai 1959. Lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Hutambulikana kwa uso mpana, magego makubwa mno na tuta la mfupa utosini ambalo misuli ya taya ilijishikiza. Fuvu halisi limehifadhiwa Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa.

La pili ni la Homo habilis, spishi iliyopewa jina mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier. Meno yake ni madogo zaidi na ubongo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake. Kuwekwa kwao pamoja si pambo tu: spishi hizo mbili ziliishi wakati mmoja, na zote mbili zilitambuliwa kwa mara ya kwanza Olduvai. Kwa hiyo mtazamaji asidhani kwamba mmoja ni babu wa mwingine, kosa ambalo picha za foleni ya nyani wanaogeuka watu zimelieneza sana.

Jina

"Olduvai" ni matamshi yaliyokosewa na Wazungu. Wamaasai husema oldupai, yaani mkonge pori unaoota kwa wingi bondeni. Umbo lenye kosa ndilo lililozoeleka katika vitabu vya sayansi, ingawa siku hizi Oldupai nalo hutumika Tanzania.