Dendrogramu: Mti Usomwao kwa Kimo

Mwanafunzi anayeona dendrogramu, yaani mchoro wa mti unaoonyesha jinsi vitu vilivyo karibu vinavyoungana kuwa makundi, kwa mara ya kwanza hukumbuka somo la Kiswahili: uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi. Kumbukumbu hiyo humpotosha. Katika sentensi, tawi liwe refu au fupi, kirai nomino ni kirai nomino. Katika dendrogramu, urefu wa tawi ndio habari yenyewe.

Tuchukue bidhaa 5 za Kariakoo: nyanya, hoho, vitunguu, mchele na maharage, pamoja na bei zake za jumla kwa miezi 12. Kabla ya kuchora, tuondoe tofauti za vipimo vya sokoni, maana nyanya huuzwa kwa tenga, vitunguu kwa gunia (tena pengine la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi), mchele kwa kilo. Tukilinganisha shilingi tupu, tenga litaimeza kilo. Kila bei igeuzwe kuwa asilimia ya wastani wa mwaka wa bidhaa hiyo.

Katika programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, amri ya dist hupima umbali kati ya kila bidhaa mbili. Amri ya hclust huunganisha zilizo karibu zaidi, kisha hurudia hadi libaki kundi moja. Usipoielekeza vingine, hupima umbali wa makundi mawili kwa wanachama wao waliotengana zaidi. Ukibadili kanuni hiyo, mti nao huweza kubadilika. Hatimaye plot huchora.

Kimo cha kila maungio ni umbali uliopimwa hapo. Tuseme mchele na maharage vimeungana kwenye kimo cha 9, nyanya na hoho 12, vitunguu vikajiunga nazo kwenye 20, na vyote vikakutana kwenye 61. Mchoroni vitunguu na mchele vinaweza kukaa bega kwa bega, na hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani bei zake hupanda na kushuka pamoja. Sivyo: njia ya kutoka kimoja hadi kingine hupanda mpaka 61. Kila maungio yanaweza kugeuzwa kushoto kulia bila kuharibu kitu, hivyo mti wa bidhaa 5 una mipangilio 16 ya majani, yote sahihi.

Ndiyo maana naona “mchoro wa matawi” tuwaachie wanasarufi, na hapa tuseme dendrogramu. Nanyi mnaoandika ripoti, tajeni kanuni ya kuunganisha mliyotumia, na mhimili wa wima muuandike wazi: kimo cha muungano.