Maajuni: Jamu ya Dawa ya Kihindi katika Historia na katika Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Paje, Kusini Unguja, juu ya jamu nyeusi ya Kihindi iitwayo Chyawanprash, ambayo mtu hula kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa ajili ya kuupa mwili nguvu. Paje ni kijiji ambacho kina mama wake wanalima mwani tangu mwaka 1989, na leo kimejaa nyumba za wageni wanaofuata yoga na vyakula vya afya. Si ajabu kwa hiyo mas-ala haya kufika mlangoni kwa imamu. Wapo wanaosema jamu hiyo ni haramu kwa kuwa imetoka kwa Mabaniani na imebeba jina la mtawa wao. Wapo wengine wanaoila kama kinga ya kila maradhi, hata wakaacha dawa walizoandikiwa hospitali. Makundi yote mawili yangepata nafuu kubwa lau yangeijua historia ya kitu chenyewe.

Jamu hii ni nini?

Asili yake ni tunda dogo la kijani, kali kwa ukakasi, ambalo Wahindi huliita amla na Waarabu huliita amlaj. Tunda hilo hupikwa likapondwa, likachanganywa na samli, mafuta ya ufuta, sukari na asali, kisha likatiwa pilipili ndefu, iliki, mdalasini na mizizi na majani mengi mengine, mpaka likawa zito linalokaribia halua. Imetajwa katika kitabu cha kale cha utabibu wa Kihindi kinachonasibishwa na Charaka. Jina lake linatokana na Chyavana, mzee ambaye katika hadithi zao inasemekana alirejeshewa ujana. Kampuni ya Dabur ya India ilianza kuiuza ikiwa tayari kwenye makopo mwaka 1949, na tangu hapo imeenea popote walipo Wahindi.

Ilivyoingia katika vitabu vya Waislamu

Anayedhani kwamba utabibu huu ni mgeni kwa Waislamu basi hajafungua vitabu vya wazee wake. Ibn al-Nadim, katika Fihrist aliyoiandika mwaka 377 H (987 M), ametaja vitabu vya tiba vya Kihindi vilivyofasiriwa kwa Kiarabu. Kitabu cha Susruta kilifasiriwa na Manka al-Hindi kwa amri ya Yahya bin Khalid al-Barmaki, waziri wa Harun al-Rashid. Kitabu cha Charaka kilitolewa katika Kihindi kikatiwa katika Kifursi, kisha Abdullah bin Ali akakitia katika Kiarabu. Ali bin Rabban al-Tabari alipomaliza Firdaws al-Hikma mwaka 850 M, aliweka mwishoni milango mahsusi ya tiba ya Wahindi.

Kisha akaja Ibn Sina (aliyefariki 428 H / 1037 M), na katika juzuu ya tano ya al-Qanun akazungumzia dawa za mchanganyiko, zikiwemo maajin na itrifal. Neno itrifal asili yake ni la Kihindi, maana yake matunda matatu, nayo ni amlaj, halilaj na balilaj. Hatusemi kwamba Chyawanprash yenyewe imo katika al-Qanun. Tunalosema ni kwamba tunda lake na namna yake ya kutengenezwa vimo katika vitabu vya Waislamu kwa zaidi ya miaka elfu, na hatukusikia kwamba wanavyuoni walivikataa kwa sababu tu vimetoka Uhindi.

Pwani yetu nayo haikuwa mbali na njia hiyo ya bahari. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ulioko katika mkoa huo huo wa Paje, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 H (1107 M). Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 M alikirimiwa kwa achari ya ndimu, ya tangawizi mbichi na ya maembe. Katika karne ya kumi na tisa, zama za Sayyid Said na wanawe, wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu na wasio Waislamu, walihamia Unguja kwa wingi. Hata lile jengo mashuhuri la zahanati ya zamani pale Mizingani, Mji Mkongwe, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, lilianzishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, kwa nia ya kuwatibu watu.

Neno lilivyogeuka

Hapa pana zingatio kubwa. Maajuni ni neno la Kiarabu, linatokana na 'ajana, yaani kukanda. Kwa matabibu lilikuwa ni dawa iliyosagwa ikakandwa kwa asali. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza neno maajuni kuwa ni kitu kitamu kilichotiwa bangi au afyuni. Jina lililoanza katika duka la tabibu likaishia katika baraza la walevi. Jina halikuzuia haramu kuingia, na utamu wa asali haukuisafisha bangi iliyokuwamo.

Maulamaa wetu wa Kishafii walilijua jambo hili, wakawa wanaangalia kilichomo na athari yake. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H) katika al-Zawajir amevihesabu hashishi, afyuni na banji katika madhambi makubwa, na akaitia kungumanga pamoja navyo kwa sababu ya kulevya kwake. Al-Ramli yeye alijuzisha kiasi kidogo chake kisicholevya. Tazama basi: kungumanga ni kiungo cha jikoni, hakina uhusiano na dini yoyote, na bado waliichunguza athari yake.

Hukumu yake

Asili ya vyakula vyenye manufaa ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharimisha. Wala kutoka kwa asiyekuwa Muislamu si dalili. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alipomzuru Saad alipokuwa mgonjwa alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, na akataja tende saba za ajwa zipondwe pamoja na kokwa zake apewe. Wanavyuoni wameizungumza sanadi yake, na wamehitalifiana pia kama al-Harith alisilimu, lakini wengi wameitumia katika mlango wa kumwendea tabibu mjuzi. Ama jina la Chyavana, ni jina tu. Anayekula bila ya kuitakidi ngano yake hana lawama.

Baada ya hapo yanabaki mambo matatu ya kuchunguzwa.

La kwanza ni najisi na ulevi. Samli na asali ni tohara. Lakini zipo dawa za Kihindi zinazotiwa mkojo wa ng'ombe, nao katika madhehebu ya Imam Shafii ni najisi, ijapokuwa Imam Malik na Imam Ahmad wameuona mkojo wa mnyama anayeliwa kuwa ni tohara. Zipo pia dawa zao za maji ziitwazo asava na arishta, ambazo huchachushwa zikazalisha kileo. Hizo si jamu hii, lakini muuzaji huziweka rafu moja. Hapa wapo wanaojitetea kwa dharura. Imam Nawawi ameeleza kwamba kujitibu kwa najisi isiyolevya kunajuzu pale inapokosekana dawa tohara, kwa kauli ya tabibu Muislamu mwadilifu au kwa ujuzi wa mgonjwa mwenyewe. Ruhusa hiyo ni ya mgonjwa. Mtu mzima wa afya anayekula kijiko kila siku ili aongeze nguvu hana dharura yoyote, basi kwake yeye sharti ni kali zaidi: kisiwemo ndani yake ila kilicho tohara na halali.

La pili ni madhara, na kanuni yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sehemu kubwa ya jamu hii ni sukari. Wizara ya India inayosimamia tiba za asili, ilipoipendekeza mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, yenyewe iliwaambia wenye kisukari watumie isiyo na sukari. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi, kwa sababu ya asali. Na mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa dawa 70 za Kihindi zilizouzwa Boston, Marekani. Kati yao 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hilo si hukumu juu ya kila kopo, lakini ni sababu tosha ya kutonunua kitu kisicho na lebo wala usajili. Zanzibar inayo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya mwaka 2006, na kuifuata katika jambo hili ni katika kuhifadhi nafsi, ambayo ni moja ya makusudio matano ya sharia.

La tatu ni itikadi. Tumefundishwa kula tende saba za ajwa asubuhi, na Sura ya An-Nahl imeitaja asali kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Kwa hiyo kula kitu kila siku kwa ajili ya afya si bidaa. Lakini mponyaji ni Mwenyezi Mungu, na jamu ni sababu miongoni mwa sababu. Mwenye presha au kisukari anayetupa vidonge vyake kwa kutegemea kopo hakutawakali, bali ameacha sababu yenye nguvu akashika iliyo dhaifu.

Nasaha kwa maimamu

Anapokuja muulizaji, tusiharakie kusema haramu kwa kusikia jina la kigeni, wala tusiseme halali kwa kusikia neno asali. Tumwambie alete kopo, tusome kilichomo, tumuulize hali ya afya yake, na tukishindwa tumwulize daktari na mfamasia. Likiwa ni matunda, samli, asali na viungo, na halimdhuri mlaji, basi na ale na aseme Bismillahi. Likiwa kinyume cha hayo, basi hata likiitwa maajuni kwa Kiarabu fasaha, jina halitalihalalisha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.