Maji ya Kifuani: Jinsi Rangi za Maabara Zinavyofichua Saratani ya Matiti

Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti anaanza kukohoa na kukosa pumzi. Picha ya eksirei yaonyesha maji kifuani. Huku kwetu Pwani wengi husema papo hapo ni kifua kikuu, na huenda ikawa kweli. Lakini maji hayo yaweza kuwa yamebeba seli za saratani iliyohama kutoka kwenye titi. Mimi ni mtu wa maabara, na jamaa za wagonjwa huniuliza: mwajuaje?

Daktari huyavuta maji kwa sindano. Sisi huyazungusha kwa mashine ili seli zitulie chini, kisha tunazipaka kwenye vioo na kuzitia rangi, kwani bila rangi hazionekani vyema.

Rangi ya kwanza ni ya Papanicolaou, ile ile ya kipimo cha mlango wa uzazi. Kioo hutiwa kwenye spiriti kikiwa bado kibichi, na kiini cha seli huonekana kinaganaga. Ya pili ni Giemsa, inayotumika pia kutafuta vijidudu vya malaria. Kioo chake huachwa kikauke kwanza.

Mara nyingi seli za saratani ya matiti hujikusanya mviringo kama mpira. Nyingine huja moja moja, zikafanana mno na seli za kawaida za utando wa kifua. Hapo rangi hizo mbili hazitoshi.

Basi seli hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba na kutiwa kingamwili zinazonata kwenye protini maalumu. Ya kalretinini hushika seli za utando. Ya GATA3 hushika seli za titi, ingawa hushika na saratani ya kibofu cha mkojo. Vipokezi vya estrojeni na HER2 hupimwa pia, maana ndivyo humwelekeza daktari kwenye dawa.

Kinachoniuma ni hiki. Siku moja nilipokea chupa ambayo fomu yake iliandikwa "maji ya kifua, kipimo cha TB" tu. Tukapima TB, hatukuiona, tukajibu hivyo. Wiki tatu baadaye binti wa mgonjwa alikuja kuulizia majibu, ndipo tukajua kwamba mamake aliwahi kukatwa titi. Wiki tatu zimekwenda bure, kwa neno moja ambalo halikuandikwa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mkivutwa maji, mwelezeni daktari historia yote na mumwombe aiandike kwenye fomu. Ulizeni kama maji yatapimwa seli pia. Yafike maabara mapema. Yakichelewa yawekwe kwenye friji. Na majibu yakisema hakuna saratani, nayo maji yakarudi, ombeni yapimwe tena. Kipimo kimoja kisichoona kitu hakimalizi maneno.